Chujio la hewa: historia ya vita kati ya injini na vumbi

Katika eneo la Muhaisnah, mashariki mwa Dubai, kazi ya dakika 10 chini ya boneti ya gari imebeba historia ya karibu karne nzima. Historia hiyo inawagusa pia wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Mombasa hadi Kampala.

Upepo wa shamal unapovuma kutoka kaskazini magharibi, Muhaisnah huamka ikiwa imefunikwa na utando wa vumbi laini. Vumbi hilo hutanda juu ya magari, madirisha na nguo zilizoanikwa. Baada ya siku kama hizo, mtu wa kwanza kutafutwa ni mwosha magari. Wa pili ni fundi makanika.

Muhaisnah imegawanyika katika sehemu 4 na inapakana na Sharjah. Sehemu yake ya pili inajulikana zaidi kwa jina la Sonapur, ambalo kwa Kihindi lina maana ya mji wa dhahabu. Huko ndiko yaliko mabweni ya maelfu ya wafanyakazi wa kigeni, wengi wao kutoka Asia Kusini na baadhi kutoka Afrika. Jirani yake ni Al Qusais, yenye viwanda, maghala na karakana nyingi za magari.

Katika karakana za aina hiyo fundi huulizwa swali moja mara kwa mara. Je, mwenye gari abaki na chujio la hewa la karatasi lililotoka kiwandani na gari lake, au anunue la kampuni nyingine, la pamba, linalofuliwa na kurudishwa, ambalo huuzwa kwa ahadi ya kuiongezea injini nguvu?

Swali hilo linaonekana dogo. Jibu lake, hata hivyo, limetafutwa kwa gharama kubwa katika majangwa, mashamba na viwanja vya vita.

Injini inavyopumua

Wengi hudhani kwamba chakula cha injini ni petroli. Kwa kweli injini hula hewa nyingi zaidi. Ili kilo moja ya petroli iungue barabara, huhitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa.

Gari likitumia lita 40 kwa wiki, injini yake huwa imevuta zaidi ya lita 360,000 za hewa. Mahali penye vumbi, hewa hiyo haiji peke yake.

Vumbi la jangwani huwa na chembe za kwazi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yako katika daraja la 7. Ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe zinazohofiwa zaidi si zile zinazoonekana kwa macho, bali zile zenye upana wa maikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa mwanadamu una takriban maikroni 70.

Chembe hizo zikipenya hadi ndani ya silinda, huchanganyika na oili na kuwa kama msasa. Kila pistoni inapopanda na kushuka, msasa huo husugua ukuta wa silinda pamoja na ringi. Polepole injini hupoteza mgandamizo, gari huanza kula oili, na moshi wa rangi ya samawati hutoka nyuma. Dalili hizo zikionekana, madhara yamekwisha kutendeka.

Magari yasiyokuwa na chujio

Ajabu ni kwamba watengenezaji wa kwanza wa magari hawakulijali sana jambo hilo. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1908 na kuuzwa kwa mamilioni, lilitoka kiwandani bila chujio la hewa. Kabureta yake ilivuta hewa kama ilivyo, pamoja na vumbi la barabara za udongo.

Injini za wakati huo zilifunguliwa na kukarabatiwa mara kwa mara, na wenye magari waliona hiyo kuwa sehemu ya maisha. Ni katika miaka ya 1920 ambapo machujio yalianza kuenea, na watu wa matrekta walikuwa miongoni mwa waliolihitaji zaidi, kwa sababu trekta hulima ndani ya wingu la vumbi linalolitimua lenyewe.

Suluhisho lililotawala kwa miongo iliyofuata lilikuwa chujio la bakuli la oili. Hewa iliingia kwa kasi, ikageuzwa ghafla juu ya oili iliyomo ndani ya bakuli, na vumbi zito likashindwa kukata kona. Likaangukia katika oili na kunasa humo. Hewa iliyobaki ilipita katika wavu wa nyuzi za chuma uliolowa oili.

Chujio hilo lilikuwa imara, halikuhitaji vipuri, na dereva aliweza kulisafisha kwa mafuta ya taa kando ya njia. Land Rover za awali, ambazo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zilikuwa nalo. Gari hilo lilifahamika vyema katika mashamba ya Kenya na mbuga za Tanganyika. Katika mwambao wa Ghuba pia, kikosi cha Trucial Oman Levies, kilichoundwa mwaka 1951 na kuwa na makao yake Sharjah, kilitegemea Land Rover wakati ambapo barabara za lami zilikuwa bado ndoto.

Hata hivyo bakuli la oili lilikuwa na udhaifu. Lilichuja vizuri pale hewa ilipopita kwa kasi. Gari lilipokwenda taratibu, hewa ilipoteza msukumo na vumbi laini likapenya.

Somo la jangwani

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoligeuza chujio la hewa kuwa suala la ushindi na kushindwa. Kati ya mwaka 1940 na 1943, majeshi ya Uingereza, Italia na Ujerumani yalipambana katika jangwa la Misri na Libya. Pande zote ziligundua kwamba injini zilizodumu vyema Ulaya zilichakaa upesi mno Afrika Kaskazini.

Miongoni mwa waliolielewa jangwa kuliko wengine alikuwa Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyekuwa amesafiri kwa magari katika mchanga wa Libya kabla ya vita. Mwaka 1940 aliunda kikosi cha doria za masafa marefu jangwani, na mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu chake kuhusu namna upepo unavyosafirisha mchanga. Kitabu hicho kingali kinatumiwa na wanasayansi.

Somo jingine lilitoka mbali na jangwa. Mwaka 1942, Umoja wa Kisovieti ulipeleka kifaru chake maarufu cha T-34 nchini Marekani kufanyiwa majaribio katika kituo cha kijeshi cha Aberdeen, Maryland. Wahandisi wa Marekani waliyasifia mengi katika kifaru hicho, lakini chujio lake la hewa waliliona kuwa hafifu mno. Injini yake iliharibika kabla ya kukamilisha kilomita 400, kwa vumbi lililokuwa likipita hadi ndani.

Kifaru kilichokuwa tishio kwa Wajerumani kilishindwa na kitu ambacho mtoto hukipeperusha kwa pumzi.

Kutoka Kongwa hadi Safari Rally

Afrika Mashariki nayo ilipata darasa lake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, katikati ya Tanganyika. Matrekta na mitambo iliyosalia kutokana na vita ililetwa kwa meli, na baadhi ya vifaru vikageuzwa kuwa matrekta.

Udongo wa Kongwa ulikuwa na kwazi nyingi. Ulikula majembe ya chuma, na wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mitambo mingi, ambayo tayari ilikuwa imechoka, ilisimama kabla mradi haujapevuka. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, kuanzia uhaba wa mvua hadi mipango mibovu, lakini mafundi walioufanyia kazi hawakuhitaji kuelezwa uadui uliopo kati ya udongo na chuma.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1953, yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana duniani kote kama Safari Rally.

Mashindano hayo yalikuwa mtihani wa ustahimilivu kuliko wa kasi. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5, zikiwemo 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watengenezaji wa Japani na Ulaya walipeleka magari yao huko kwa kuamini kwamba gari lililomaliza Safari halingekuwa na mtu wa kulilaumu.

Katika miaka ya 1990, magari ya mashindano hayo yalifungwa mabomba marefu ya kuvutia hewa kando ya kioo cha mbele, ili injini ipumue kutoka juu, mbali na maji ya mito na vumbi zito la chini. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii katika eneo la Naivasha, vumbi laini kama unga likawa tena mada kuu ya mafundi wa timu.

Dubai nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1991 dereva Mohammed Ben Sulayem, mzaliwa wa Dubai, alianzisha mashindano ya jangwani ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Desemba 2021 dereva huyo alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la magari duniani, FIA.

Karatasi na pamba

Kati ya miaka ya 1950 na 1960, karatasi iliyokunjwa kunjwa ililisukuma kando bakuli la oili. Ilikuwa nyepesi, rahisi kutengeneza, na ilichuja vizuri hata gari likiwa linasubiri taa za barabarani. Mikunjo yake iliwezesha karatasi ndefu kuingia katika kisanduku kidogo.

Karatasi ina tabia moja inayowashangaza wengi. Chujio jipya kabisa halichuji vizuri kama lile lililotumika kidogo. Tabaka jembamba la vumbi linaloshika juu ya karatasi husaidia kunasa vumbi linalofuata. Kwa hiyo anayebadilisha chujio kila mara kwa hofu hamfanyii injini wake hisani anayoidhania.

Katika muongo huo huo wa 1960, huko Riverside, California, Ken Johnson na Norm McDonald walianza biashara ya pikipiki ambayo herufi za majina yao ziliipa jina la K&N. Kutoka biashara hiyo likatoka chujio la pamba iliyolowa oili na kushikiliwa na wavu wa waya. Lilipendwa kwanza na waendeshaji wa mashindano, kisha na wenye magari ya kawaida. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 iliwakataza watengenezaji kufuta dhamana ya gari kwa sababu tu mteja ametumia kipuri cha kampuni nyingine, na soko la vipuri hivyo likapata nguvu.

Lakini kuchuja ni mizani. Kitambaa kinachoachia hewa kupita kwa wepesi kina kazi ngumu zaidi ya kulizuia vumbi laini. Ndiyo maana machujio hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 5011, kwa kutumia vumbi maalumu linalotokana na mchanga wa jimbo la Arizona, lililowekewa viwango mwaka 1997. Kwa hiyo chujio litakalofanya kazi Muhaisnah au Dodoma hupimwa kwanza kwa vumbi la Marekani.

Na je, nguvu na nafuu ya petroli zinazoahidiwa? Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha utafiti uliofanywa kwa magari ya kisasa yaliyofungwa machujio yaliyoziba. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kompyuta ya gari hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchukua mwendo. Ni katika magari ya zamani yenye kabureta ndiko chujio lililoziba lilikokula mafuta.

Ufa usiozibwa

Mafundi wenye uzoefu husema kwamba jinsi chujio linavyofungwa ina uzito sawa na aina yake.

Injini huzimwa na kuachwa ipoe. Vibano vya kisanduku hufunguliwa, chujio la zamani hutolewa bila kukung'utwa juu ya mdomo wa bomba, na kisanduku hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Chujio jipya huwekwa likilala sawasawa, ukingo wake wa mpira ukiwa umekaa katika mfereji wake pande zote, ndipo vibano vifungwe.

Kosa la kwanza ni kulazimisha chujio lisilolingana na kisanduku. Mwanya mwembamba kama ukucha hutosha kupitisha hewa isiyochujwa, kwa sababu hewa hufuata njia iliyo rahisi. Hapo wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ukuta huo ni injini nzima.

Kosa la pili ni kulipuliza chujio la karatasi kwa upepo wa kompresa ili lionekane jipya. Nguvu ya upepo huweza kutoboa matundu yasiyoonekana. Kosa la tatu huwahusu wenye machujio ya pamba: oili ikizidi, hupeperushwa na kuganda juu ya sensa inayopima hewa, na kompyuta ikapewa hesabu isiyo sahihi.

Wapo pia wanaoondoa kisanduku kizima na kufunga chujio la umbo la pia, lililo wazi karibu na injini. Sauti ya gari hunguruma na kumfurahisha kijana. Lakini chujio hilo huvuta hewa ya moto. Hewa yenye nyuzi joto 60 ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 6 ikilinganishwa na ya nyuzi joto 40, na katika kiangazi cha Dubai faida iliyotarajiwa huweza kuyeyuka yote. Isitoshe, sheria za Umoja wa Falme za Kiarabu humtaka mwenye gari apate kibali kabla ya kuigeuza injini.

Pepo zile zile, mizigo mingine

Kwa karne nyingi, upepo wa kaskazi uliyapeleka majahazi ya Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, na ule wa kusi ukayarudisha yakiwa na boriti za mikoko. Baharia Alan Villiers kutoka Australia alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 hadi 1939 na kushuhudia boriti zikipakiwa katika delta ya Rufiji. Nyumba kongwe za Ghuba zilijengwa kwa boriti hizo.

Siku hizi mzigo ni magari. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaanzishwa huko Ras Al Khor eneo huru la biashara ya magari, Ducamz. Magari yenye usukani wa kulia hupitia hapo yakitoka Japani, kisha huuzwa kwa wafanyabiashara wa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Kampala huliona gari likiwa limeoshwa na kung'arishwa. Hulitazama rangi, viti na kilomita. Mara chache hufungua kisanduku cha hewa. Lakini kisanduku hicho huweza kusimulia mengi. Akipitisha kidole ndani ya bomba, upande wa pili wa chujio, na kukitoa kikiwa na vumbi, basi anajua kwamba injini imekuwa ikimeza mchanga, haidhuru ilikuwa katika barabara gani.

Kwa dereva wa teksi au daladala aliyekopa fedha kununua gari hilo, tofauti ni kubwa. Chujio ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa. Kufungua injini na kubadilisha ringi ni kazi inayoweza kulisimamisha gari kwa majuma, huku marejesho ya mkopo yakiwa hayasimami.

Ndiyo maana historia ya karibu miaka 100 haiwapi ushindi wa moja kwa moja wauzaji wa karatasi wala wa pamba. Inasema tu kwamba mahali penye vumbi, chujio bora ni lile linalolingana na kisanduku chake, linalozuia vumbi kabla ya kuahidi nguvu, na lenye mtu wa kulikagua.

Jioni, Muhaisnah, mabasi huwarudisha wafanyakazi wa ujenzi katika mabweni ya Sonapur. Wengi hushuka wakiwa na vitambaa walivyojifunga puani, vimegeuka rangi ya udongo. Hewa waliyoivuta mchana ni ile ile iliyovutwa na injini za magari. Tofauti ni kwamba mapafu hayana duka la vipuri, si Dubai, si Nairobi, wala popote pale.